Jibu Lisilo na Utani

1

Niliegesha pikipiki chini kwenye daraja la mbao, kwa sababu betri ilibaki na pumzi ya kunirudisha Mafinga tu, na mlima wa Lwangamo hauna huruma kwa betri wala kwa mtu mwenye kitambi. Nikapanda kwa miguu. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, ukungu umekaa juu ya misonobari kama mgeni asiyejua kuaga. Njia nzima nilikuwa natunga la kumwambia Aidani Mhongole nikifika. Mtani haendi kwa mtani wake bila neno mdomoni.

Nilimkuta uani anasuuza mbeta zake, vile vipande vya mianzi wanavyotegea pombe ya ulanzi. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye gogo wanasubiri kinywaji. Nikamuuliza yule mbwa aliyekuwa ananibwekea mara ya mwisho yuko wapi, na je, walimchemsha au walimchoma. Aidani hakuinua hata kichwa. Akasema mbwa alinusa harufu ya Mngoni toka darajani, akakimbilia msituni kuwaonya panya wajifiche. Wateja wakacheka. Mkewe Skola, aliyekuwa mlangoni anapepeta maharage, akaniambia nisimjibu, panya wenyewe wameshanisamehe.

Basi, tukawa tumesalimiana.

Alijilaza kwenye benchi bila kuambiwa, akapandisha sweta. Kwa miaka tisa mwili unakuwa umeshajua njia. Nikatoa sikio, kile kipimo changu, mfukoni na kulipasha kiganjani kwanza, maana lile duara la chuma likigusa tumbo la mtu kwenye baridi ya huku, atakutukana matusi ambayo hata utani hauyaruhusu. Nikaliweka chini ya kitovu. Humo ndani, pembeni ya tezi dume, kuna mbegu, kitu kidogo kuliko punje ya mchele, iliyopandwa mwaka ule alipokutwa na ugonjwa. Mbegu inaisoma saratani mchana na usiku na kusema jambo moja tu, imelala au imeamka. Ikiwa imelala inaachwa. Haikatwi, haichomwi, haipigwi dawa. Ndiyo sheria siku hizi, kwa sababu wazee wa zamani walikatwa wengi saratani ambazo zingelala nao mpaka kufa kwa uzee, na walichobakiwa nacho ni nepi na kitanda kilichopoa.

Huku hakuna anayeitaja saratani kwa jina. Wanasema mpangaji. Mtu akishawekewa mbegu wanasema ameingia matazamio, kama mwalimu mpya aliyeripoti shuleni.

Mbegu zilifanya kazi vizuri toka mwanzo. Walioharibika ni watu. Daktari akiingia na koti jeupe na kusema imelala, rudi baada ya miezi mitatu, mgonjwa hasikii "imelala". Anasikia jina la ugonjwa, basi. Wengine waliacha kulima. Wengine walikwenda kuchanjwa kwa waganga mpaka mbegu ikapoteza mawasiliano. Ndipo mtu mmoja kwenye Mpango wa Matazamio akagundua kwamba wagonjwa waliokuwa wanapelekewa majibu na watani wao walikuwa wanalala usingizi. Si kwamba hawakuogopa. Waliogopa huku wanacheka, na hiyo ni afadhali kidogo. Wakaanzisha kada. Kwa Msukuma akapelekwa Mzaramo, kwa Mhehe akaletwa Mngoni. Mimi nina diploma ya utabibu, na juu yake mwaka mzima wa kusomea kitu ambacho bibi yangu alinifundisha bure. Cheo changu ni mtani wa zamu. Mke wangu hajaacha kukicheka mpaka leo.

Sasa nilikuwa katikati ya kumuuliza Aidani kama ni kweli Wahehe wanazaliwa na sweta, mstari ukatokea kwenye kishikwambi changu.

Miaka yote mstari wake ulikuwa umelala kama kamba iliyosahaulika chini. Leo ulikuwa umesimama kama mtu aliyesikia anaitwa. Nikaondoa sikio, nikalifuta kwenye shati, nikaliweka tena. Mwongozo unaruhusu kurudia. Ukasimama vilevile. Nikarudia mara ya tatu, ambayo mwongozo hauiruhusu. Sauti ya ungo mlangoni ikanyamaza.

Mpango unataka mgonjwa aambiwe palepale, bila kuzungushwa. Baada ya hapo yeye ndiye anayejibu. Mbegu ina dawa tumboni mwake. Mgonjwa akisema ndiyo, naifungua kwa kidole, inafyatuka na kuiunguza tezi nzima. Wengi wanapona. Wengi vilevile wanabaki hawawezi kuzuia mkojo, na yale ya chumbani wanabaki kuyahadithia. Akisema hapana, mbegu inazimwa, na mimi naendelea kuja mpaka mwisho wake. Na jibu lina muda. Mwezi ukiisha, mpangaji anakuwa ametoka nje ya pale ambapo dawa inafika.

"Aidani Mhongole," nikasema, "mpangaji ameamka."

Alishusha sweta taratibu. Akakaa. Akawaangalia wale wateja, akaangalia mbeta zake, akaniangalia mimi.

"Basi mpeni nyumba yote," akasema. "Mimi nahama. Nimechoka kugombania choo naye."

Mteja mmoja alipaliwa. Nikamuuliza Aidani kama ana maana hataki tufyatue. Akasema hataki, nikafyatue kwa Wangoni wenzangu ambao hawana cha kuharibika. Wateja walicheka mpaka gogo likayumba, na mimi nikacheka. Kicheko kwetu sisi ni kama kupiga chafya, kinatoka chenyewe.

Skola peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa anaokota maharage yaliyomwagika kizingitini, moja moja.

2

Kwa kawaida mwenyeji mwanaume ndiye anayenisindikiza. Siku hiyo alinisindikiza Skola. Tulishuka mlima kimya mpaka tulipofika mahali ambapo sauti haiwezi kurudi nyumbani.

Akaniambia mume wake alikuwa anatania, na kwamba mimi mwenyewe najua hivyo.

Nilimjibu kwamba sijui. Nikamweleza tatizo langu kama lilivyo. Sheria inasema neno la mgonjwa mbele ya mtani wa zamu ni jibu. Lakini utani nao una sheria yake, ya zamani kuliko serikali: neno la utani halimshiki mtu. Ukitukana hujatukana, ukiapa hujaapa. Aliyeandika mwongozo alizikutanisha sheria hizi mbili kwenye mwili wa mtu mmoja, akafunga ofisi akaenda kula.

Skola akauliza kama neno la utani halihesabiwi inakuwaje. Nikamwambia inakuwa hajajibu. Na asiyejibu mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo, Mpango unahesabu kwamba anataka kupona, na mbegu inajifyatua yenyewe.

Alisimama. Naona alikuwa anajua tayari, alitaka tu lisemwe na mtu mwingine.

"Kwa hiyo wewe kazi yako ni kukaa nyumbani," akasema. "Kaa tu, Mngoni. Usije. Usiulize tena."

Nikamwambia kuna mambo ya kufikiria. Nikamtaja Festo, kaka yake Aidani, aliyekatwa enzi zile za zamani na kuishi miaka mingi na mpira na chupa. Festo hakurudi kilabuni hata siku moja. Kanisani alikuwa anasimama nje, dirishani, hata siku za baridi.

"Festo alinuka," Skola akasema. "Nani hajui? Lakini alikuwepo. Watoto wake walitoka shule wakamkuta nyumbani, mpaka wakaoa. Mimi simtaki mwanaume wa kitandani, nimeshazaa. Namtaka mtu wa kugombana naye jioni."

Tulifika darajani. Alinishika mkono wa kuagana na hakuuachia. Akasema mume wake atakasirika, atanuna, labda atanitukana matusi ya kweli, na yeye yuko tayari kununiwa miaka ishirini. Nikamwambia nitaona. Ni neno la mtu mzima asiyetaka kusema ndiyo wala hapana, naye akalichukua kama ndiyo, akapanda mlima kwa haraka kama msichana.

3

Nikakaa nyumbani. Yaani, nilikwenda kwa wagonjwa wengine, lakini kwa Aidani nilikaa nyumbani.

Kuna mama mmoja pale mjini, alikuwa mshona nguo, mpangaji wake yuko kwenye koo na amelala fofofo. Kila nikimtembelea ananiuliza lini tutamtoa. Namwonyesha mstari, namfanyia vituko, anacheka vizuri kabisa, halafu ananiuliza tena lini tutamtoa. Analala mkono ukiwa shingoni, kama mtu anayeshika mlango usifunguliwe. Halafu kuna mzee mmoja njia ya kwenda kiwanda cha mbao ambaye amempa mpangaji wake jina la mjomba wake aliyekuwa mvivu, na ananikumbusha mimi kumpima kwa sababu yeye amesahau. Mbegu ni ileile. Mstari ni uleule. Wiki ile niliwaangalia wote wawili nikajiuliza kama kuna mtu yeyote anayejua kungoja, au kila mmoja ameokota namna yake ya kuvumilia na sisi tukaiita kungoja.

Jioni nikirudi, kishikwambi kilikuwa kinaniuliza swali lilelile. Mhongole, Aidani: ametoa jibu, hajatoa jibu. Nilikuwa nakifunika kwa gazeti.

Kilichokuwa kinanisumbua ni kicheko chake. Namjua Aidani akicheka. Kinaanzia tumboni, mabega yanapanda, na mwisho anapiga paja la mtu aliye karibu, ndiyo maana nakaaga mbali naye kidogo. Siku ile alicheka kwa meno tu. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo wa benchi. Wateja hawakuuona, walikuwa wanaangalia mdomo.

Lakini mkono ulioshika benchi unasema nini? Anayetaka kuishi atashika benchi. Anayetaka kuachwa naye atashika benchi hilohilo. Kama alitania, kunyamaza kwangu kulikuwa kunamwokoa. Kama hakutania, nilikuwa namziba mdomo kwa kicheko chake mwenyewe, halafu namuunguza.

Mke wangu alinisikiliza habari yote akiwa anachambua mchicha. Akaniuliza kwa nini nisiende kumuuliza. Nikamwambia nikienda nitamkuta mtani, na mtani atanijibu kitani. Akasema basi usiende kitani. Kwa mke wangu mambo ni mepesi hivyo, ndiyo maana hakusomea diploma.

Mwezi ulikuwa umebaki siku chache uishe. Ningeweza kuzimaliza nikiwa nimekaa. Nikawasha pikipiki.

4

Alikuwa kwenye mianzi yake, bondeni, ambako unasikia maji lakini huyaoni. Ulanzi unagemwa hivi: mwanzi mchanga unakatwa ncha, unategewa mbeta, halafu kila asubuhi na kila jioni mgema anarudi kupunguza kipande chembamba cha ile ncha ili kidonda kisifunge. Kidonda kikifunga, utamu unakatika. Aidani alikuwa na kisu chake kifupi, amepiga goti kwenye majani yaliyolowa.

Aliniona mapema. Akaanza toka mbali, akauliza kama Wangoni siku hizi wanatembea wakati wa njaa tu, au pia wakati wa mavuno. Lilikuwa zuri, na jibu lake nilikuwa nalo. Nikalimeza.

Nikasogea mpaka karibu. Nikavua kofia.

"Shikamoo, mzee Mhongole."

Watani hawaamkiani hivyo. Sijawahi kumpa Aidani shikamoo, wala yeye hajawahi kuitegemea, japo ananizidi umri wa kutosha. Kisu kilishuka.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nikasema hakuna. Nikamwambia nimekuja kuuliza mara moja bila utani, kwa sababu siku ile alinijibu na mimi sikujua nimeshika nini mkononi. Nikaeleza upya, polepole. Dawa ikifyatuka itakuwaje. Isipofyatuka itakuwaje, kwamba anaweza kuwa na miaka miwili, au mitatu, na ya mwisho haitakuwa na raha. Sikumficha kitu na sikuongeza chumvi. Alinisikiliza akiwa bado amepiga goti. Mwisho akafuta kisu kwenye suruali.

"Marahaba," akasema. Alikuwa amechelewa kuiitikia.

Akaniambia nikae. Hapakuwa na pa kukaa, nikachuchumaa.

"Mwaka wa kwanza," akasema, "nilikuja Mafinga kuwaomba mnikate. Watoto wangu walikuwa wadogo hivi. Siku hiyo ningetoa chochote. Mkojo, uanaume, mguu kama mngeutaka. Wakaniambia hapana, kimelala, nenda kajifunze kungoja. Na walikuwa na haki, kililala kweli. Nililia pale nje ya geti lenu, mlinzi akanipa maji. Halafu wakakuleta wewe."

Nikataka kusema kitu, akainua mkono.

"Hujui ilivyo, Mngoni. Wewe unalipasha lile duara kiganjani, kisha unaniwekea. Pale katikati, kabla hujasema, mimi nakufa. Ukisema kimelala nafufuka, nakunywa, nakutukana, tunacheka. Miezi mitatu ikipita nakufa tena. Nimekufa hivyo miaka tisa, mpaka nikazoea, mpaka nikawa fundi wa kufa. Sasa unakuja kuniambia nifanye haraka. Haraka nimeisahau. Mlinifundisha kungoja, nikajua. Niache ningojee hiki kilichobaki."

Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya Festo.

Alifikiria. Akasema Festo yumo. Yeye, Aidani, ndiye aliyekuwa anamfulia mashuka, toka siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na hakuwahi kuona kinyaa hata mara moja. Aliyeona kinyaa ni Festo. Alikuwa anakaa kwenye kiti na kumwangalia anavyofua, na macho yale, Aidani akasema, hawezi kuyapeleka kwa Skola.

Hapo nilifanya jambo ambalo mwongozo unalikataza. Nilimwambia alichosema mke wake darajani, kuhusu mtu wa kugombana naye jioni. Nilimwambia yuko tayari kununiwa. Aidani akainamisha kichwa, tukawa tunasikiliza matone yanaanguka kwenye mbeta, moja hapa, jingine kule, kila mwanzi na mwendo wake.

"Ungekaa kimya," akasema bila kuniangalia, "ingefyatuka yenyewe. Si ndiyo?"

"Unajua?"

"Najua siku nyingi. Mlitusomea wenyewe siku ya kupandwa." Alichomeka kisu ardhini. "Ndiyo maana nilitania. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa sijui naogopa kipi. Nikasema, niliache kwenye utani. Kama mtataka kuniokoa, mniokoe bila mimi kuomba. Nitaamka nimechomwa, nitanuna, maisha yatakwenda. Nisingekulaumu, Sixtus. Nilikuwa nasikiliza pikipiki yako kila siku, nikawa nasema, leo hajaja, vizuri. Leo hajaja, vizuri."

Huwa ananiita Mngoni. Hata watoto wake nadhani hawajui kwamba nina jina la ubatizo.

Nilimwambia naweza kurudi mjini. Naweza kusema sikumkuta. Nilikuwa namwomba, kusema kweli. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye tope na diploma yangu namwomba mtu anidanganye.

"Umeshaniuliza," akasema. "Mtu akikuuliza hivyo, na shikamoo juu yake, utamdanganyaje? Swali nilikuwa silitaki. Sasa limekuja, na mimi nikiangalia ndani sikuti ndiyo. Nimeitafuta hapa mbele yako. Haipo."

"Sasa mimi niseme nini?" nikauliza.

"Hakuna. Andika. Sitaki."

Nikatoa kishikwambi. Kidole changu kilikuwa kimelowa, kikagoma kusomeka, nikakifuta kwenye shati, kikagoma tena. Aidani akanyoosha mkono, akanishika kidole, akakikausha vizuri kwa pindo la sweta lake kama anavyofutwa mtoto pua. Nikabonyeza. Humo ndani, chini ya kitovu chake, mbegu ikazima. Haina mlio. Hakuhisi chochote, nilimwona usoni kwamba hakuhisi chochote.

Akachomoa kisu, akageukia mwanzi uliofuata, akapunguza ncha.

5

Njia ya kutoka bondeni inapita uani kwake. Hakuna nyingine, niliitafuta.

Skola alikuwa amesimama nje. Alikuwa ameiona pikipiki darajani. Alikuwa amepika, sijui alipika kwa ajili ya nani, na mkono wake mmoja ulikuwa na unga mpaka kwenye kiwiko. Hakunisalimu. Wala hakuniuliza kwa nini nimekuja wakati aliniomba nisije.

"Alikuwa anatania?" akauliza.

"Leo, hapana."

Alinitazama kwa muda, akitafuta usoni mwangu ule mkunjo mdogo unaokuja kabla mtani hajacheka. Nilimwacha atafute. Alipomaliza, alikwenda ndani. Nilisikia sufuria inawekwa chini, kisha inainuliwa tena. Akatoka na ugali na mboga ya maboga, akaniwekea kigoda, akaniambia nile kwanza maana unapoa.

Nikala. Sijui nilikula nini. Yeye alikaa kizingitini na kuangalia upande wa bonde. Nilitaka kumwambia kwamba sikuweza kumwokoa mtu kwa kumnyamazia, kwamba ningekuwa nimemwibia jibu lake. Yote yalikuwa ya kweli, na yote yalikuwa maneno ya mtu ambaye jioni atarudi kwake akamkute mke wake. Nikaendelea kumega ugali.

Aidani alikuja na mbeta mbili zimejaa, moja kila mkono. Akasimama katikati ya uwanja, akatuangalia, mimi na sahani na Skola mlangoni. Alielewa kwamba limeshasemwa. Akaziweka mbeta chini taratibu zisimwagike.

"Skola," akasema, "huyu ukimlisha hivi ataleta ukoo wake wote, na sisi hatufugi panya."

Lilikuwa langu, zamu yangu ya kujibu. Nilifungua mdomo. Skola akanitangulia, na hakumjibu mumewe. Aliongea na mimi.

"Siku hiyo, Mngoni," akasema, "nakuomba. Usije ukaingia kaburini ukalala, kama watani mnavyofanya, mpaka mpewe kitu ndiyo mtoke. Utanichekesha. Na mimi siku hiyo sitaki kucheka."

Aidani alikwenda akakaa pale kizingitini, karibu naye, mabega yanagusana kwa sababu mlango wao ni mwembamba.

"Ataingia," akamwambia mkewe, kwa sauti ya chini, kama watu wanaogombania jambo la nyumbani. "Ndiyo kazi yake. Tena alale kabisa, ajifunike. Mimi nitakuwa siwezi kumtoa, utamtoa wewe."

"Sitamtoa."

"Utamtoa. Utamvuta mguu."

"Sitamtoa, Aidani. Nitamfukia humohumo."

Kisha wote wawili wakaniangalia, wakingoja.

Nikameza tonge lililokuwa mdomoni. Nikamwambia Aidani kwamba sina wasiwasi na hilo, kwa sababu shimo la Mhehe mfupi kama yeye halinitoshi, miguu itabaki nje, na padri atajikwaa.

Kilianzia tumboni. Mabega yakapanda. Akatafuta paja la kupiga, la karibu likawa la mke wake, akalipiga, akacheka mpaka akaegemea mlango. Skola aliupokea mkono ule ulipotua na akaufunika na wake, wenye unga, asiuachie uondoke. Hakucheka. Baadaye kidogo alinionyesha sahani yangu kwa kidevu, akaniambia mboga bado ipo, nijipakulie mwenyewe.